Daftari la Sajenti Mpuya

Kesi yangu ya kwanza aliiandika yeye.
Kaliua, stesheni, saa nane usiku,
mabehewa ya mizigo yamelala yakingoja injini ya Mpanda,
nami miaka kumi na minne,
nusu gunia la chumvi ya Uvinza mgongoni, si langu.
Hakunikimbiza. Alizijua njia za panya kuliko panya.
Alikwenda zake kuningoja pale reli inapogawanyika,
kaketi juu ya taruma, tochi kaizima,
anatafuna karanga.

"Umechoka?" akaniuliza. "Tua."

Polisi hupiga. Tulilijua hilo kama tujuavyo masika.
Nikakaza mgongo, nikasubiri.
Akanipa karanga zilizobaki,
tukalirudisha gunia pamoja, kila mtu pembe mbili,
yeye akilalamikia kiuno chake njia nzima.

Alistaafu mwaka ule tumbaku ilipoozea maghalani.
Wakampa cheti, mabati ishirini,
na mkono wa afisa mwenye haraka.
Mabati yakaezeka choo cha shule.
Mama Nyamizi hakumsemesha siku tatu:
chumbani kwao palikuwa panavuja.

Kisha akanunua daftari la kaunta, kwaya mbili,
akapiga mistari kwa rula, kama kituoni:
tarehe, saa, tukio, hatua.

Leo arobaini yake, nimelishika.
Mama Nyamizi kanipa nisome kwa sauti,
ati macho yake yameharibiwa na moshi,
na jikoni hakuna moto.

Saa moja asubuhi. Kamba ya kisima cha Shija imelika.
Hatua: nimefunga mpya. Ya katani, nailoni hukata viganja.

Saa kumi jioni. Mtoto wa Kabula anaogopa barabara ya lami.
Hatua: tumevuka mara kumi na moja.

Usiku. Nyumba ya nyuma ya mashine, mume na mke, kelele.
Hatua: nimekaa kwao hadi chai ikapoa. Nikaomba nyingine.

Mzinga wa Masanja umeibwa msituni. Mwizi namjua.
Hatua: ataurudisha usiku, asionekane.
Adhabu ameshapewa na nyuki.

Watu wakacheka. Mmoja, mbavu za mwisho, hakucheka,
akajipapasa sikio.

Nikafunua tena, sauti ikanikwama.
Hapakuwa na tarehe ya karibuni. Mwaka wa zamani,
kituo cha mbali, jina la kijana nisiyemjua.
Kapigwa mahabusu. Nilikuwa zamu. Nilisikia.
Hatua:
na mbele ya neno hilo, hamna kitu,
ila kalamu imekandamizwa pale pale
mpaka karatasi ikatoboka,
na kurasa tatu za chini yake zina kovu.

Nikapitiliza. Nikaanza habari ya kuku wa jirani.

"Umeruka," akasema Mama Nyamizi.
"Mama, huu..."
"Usome. Nimelala nao miaka ishirini na sita ukurasa huo.
Ndio uliokuwa ukimwamsha kabla ya jogoo.
Mnadhani alikuwa akiamshwa na wema?"

Nikausoma. Hakuna aliyesema neno.
Shija alivua kofia, akaitazama ndani
kama mtu aliyedondosha kitu humo.
Na mimi nikaikumbuka ile tochi iliyozimwa,
karanga, sauti yake ikiniambia tua,
nikajiuliza usiku ule alikuwa akiongea na nani.

Kurasa zilizobaki ni nyeupe, mistari tayari.
Alipiga rula mpaka jalada la mwisho.

Wageni wakaanza kuaga. Mama Nyamizi akakunja kanga,
akayaelekeza kisimani macho aliyosema hayaoni.
"Ile kamba imelika tena," akasema.

Nikapapasa mfukoni, nikatoa kalamu.
Halafu nikairudisha,
nikaenda dukani kuulizia katani.